Tezi ya Thairoidi Inapolegea: Namna ya Kuitambua, Kuipima na Kuitibu

Mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, ipo tezi yenye umbo la kipepeo ambayo kwa mtu mzima mwenye afya ina uzito wa takriban gramu 15 hadi 25. Tezi hiyo, ambayo wengi huiita thairoidi na baadhi ya vitabu vya Kiswahili huiita dundumio, hutengeneza homoni zinazoamua mwili utumie nishati kwa kasi gani. Homoni hizo zikipungua, hakuna kiungo kimoja kinachougua peke yake: moyo hupiga polepole, utumbo husukuma chakula polepole, ngozi hujirekebisha polepole, na hata mawazo huchelewa kuja. Hali hiyo madaktari huiita haipothairoidizimu. Inatibika vizuri kuliko magonjwa mengi ya kudumu, lakini huwashinda watu kwa mambo madogo, kama vile namba iliyosomwa kinyume, kidonge kilichomezwa pamoja na kahawa, au dozi iliyobadilishwa kabla ya wakati wake. Mwongozo huu unafuata mambo hayo kwa mfuatano ambao mgonjwa mwenyewe hukutana nao.

Hatua ya kwanza: fahamu nani anatoa amri na nani anatii

Tezi ya thairoidi haijiendeshi yenyewe. Chini ya ubongo ipo tezi ndogo zaidi, iitwayo pituitari, ambayo humwaga katika damu homoni ya TSH, na kazi ya TSH ni kuiamuru thairoidi itengeneze T4, yaani thairoksini, pamoja na kiasi kidogo cha T3. Tarakimu hizo zinahesabu atomu za iodini zilizomo katika kila homoni, nne katika T4 na tatu katika T3, na ndiyo sababu tezi hii haiwezi kufanya lolote pasipo iodini, ile ambayo watu wengi huifahamu kwa jina la madini joto kutokana na chumvi. T4 ni akiba inayozunguka mwilini. Ini, figo na viungo vingine huiondolea atomu moja na kuigeuza kuwa T3, ambayo ndiyo homoni yenye nguvu ya kufanya kazi ndani ya chembe za mwili.

Pituitari huonja damu muda wote. Ikikuta homoni za thairoidi zinatosha, hupunguza TSH. Ikikuta zimepungua, huiongeza. Hapa ndipo wagonjwa wengi hujikwaa, kwa kuwa TSH ikiwa juu maana yake thairoidi iko chini. Mtu anayekabidhiwa karatasi ya majibu yenye TSH ya 18 hudhani tezi yake inafanya kazi kupita kiasi, kumbe namba hiyo ni kelele za msimamizi anayemwamsha mfanyakazi aliyesinzia. Ukilielewa jambo hili moja, nusu ya karatasi za maabara utazisoma mwenyewe.

Hatua ya pili: zikusanye dalili kwa pamoja

Ugumu wa ugonjwa huu ni kwamba dalili zake, zikitazamwa moja moja, ni za kila mtu. Nani hajawahi kuchoka, kukosa choo kwa siku mbili tatu, au kuona ngozi imekauka? Kinachopaswa kukushtua ni dalili hizo kuja kwa kundi, tena kuja taratibu kwa miezi mingi hadi mgonjwa na jamaa zake wazizoee na kuzihesabu kuwa ni tabia au uzee. Mgonjwa huhisi baridi wakati wenzake wanalalamikia joto. Hulala saa nyingi na kuamka bado amechoka. Sauti huwa nzito na yenye mikwaruzo, nywele hukatika, misuli huuma na kukakamaa, na vidole vya mkono hufa ganzi usiku kwa sababu mishipa ya fahamu inabanwa kwenye kifundo. Kwa wanawake, hedhi huwa nzito au hupoteza mpangilio. Akili nayo huguswa: kusahau, kushindwa kufuatilia mazungumzo marefu, na huzuni inayofanana kabisa na ugonjwa wa sonona, kiasi kwamba wapo wanaotibiwa sonona kwa muda mrefu kabla ya mtu yeyote kufikiria kuipima thairoidi.

Kabla ya kwenda kwa daktari, tumia wiki mbili kuandika mambo machache: mapigo ya moyo kwa dakika moja unapoamka, siku ulizopata choo, tarehe za hedhi, uzito, na saa za kulala. Kisha tafuta picha yako ya miaka miwili au mitatu iliyopita, uisimamishe kando ya kioo na ulinganishe. Tazama kope zilizovimba, uso uliojaa, na ncha za nje za nyusi zilizopungua nywele. Mabadiliko hayo huja polepole mno kwa mtu anayejitazama kila asubuhi, lakini picha ya zamani huyafichua mara moja. Ukiwa bado mbele ya kioo, inua kidevu, kunywa funda la maji na utazame sehemu iliyo chini ya kikoromeo unapomeza. Uvimbe unaopanda na kushuka pamoja na kumeza huenda ni rovu, na unastahili kuonyeshwa kwa daktari. Kutouona uvimbe, hata hivyo, hakuthibitishi kwamba tezi ni nzima, kwani wapo wagonjwa ambao tezi yao imesinyaa badala ya kuvimba.

Daktari naye ana mbinu yake ya zamani inayopendeza kuitazama. Mgonjwa hupiga magoti juu ya kiti, miguu ikining'inia, kisha daktari hugonga kano iliyo juu ya kisigino kwa nyundo ndogo ya mpira. Mguu wa mtu mzima wa afya huruka na kurudi mara moja. Wa mwenye upungufu mkubwa wa homoni huruka, halafu hurudi kwa uzito, kana kwamba uko ndani ya maji.

Kuhusu uzito inafaa kusema ukweli ambao wengi hawapendi kuusikia. Ni kweli kwamba ugonjwa huu huongeza uzito, lakini kwa kawaida ongezeko hilo ni la kilo chache, na sehemu kubwa yake ni maji na chumvi vilivyozuiwa mwilini. Mtu aliyeongezeka kilo 20 au 30 asitarajie kwamba kidonge cha thairoidi kitaziondoa zote. Tezi hii hulaumiwa kuliko inavyostahili.

Hatua ya tatu: pima damu, na usome majibu kwa utaratibu

Hakuna dalili wala mkusanyiko wa dalili unaotosha kumpa mtu dawa. Ni lazima damu ipimwe. Kipimo cha kwanza ni TSH, na kikiwa na kasoro hufuatiwa na T4 huru, yaani ile sehemu ya T4 isiyoshikwa na protini za damu. Katika maabara nyingi, TSH ya mtu mzima huhesabiwa kuwa ya kawaida ikiwa kati ya takriban 0.4 na 4.0, ingawa kila maabara huchapa mipaka yake pembeni ya majibu, na mipaka hiyo ndiyo ya kufuata.

Tuchukue mifano mitatu. Karatasi ya kwanza inasema TSH 42 na T4 huru iko chini ya kiwango: huu ni upungufu kamili, na mgonjwa anahitaji tiba. Karatasi ya pili inasema TSH 7.2 lakini T4 huru ni ya kawaida: pituitari imeanza kupaza sauti, ila tezi bado inamudu. Huu huitwa upungufu wa awali, na hapa haraka haifai. Kwa kawaida kipimo hurudiwa baada ya miezi miwili au mitatu, kwani TSH huweza kupanda kwa muda mtu anapopona ugonjwa mwingine na kisha kushuka yenyewe. Ikibaki juu ya 10, madaktari wengi huanza tiba; ikiwa kati ya kiwango cha kawaida na 10, uamuzi hutegemea umri, dalili, hali ya moyo na kama mwanamke ana mimba au anaitafuta. Kwa wazee, TSH iliyopanda kidogo huenda ni jambo la umri tu, na kuwapa dawa kunaweza kuwadhuru zaidi ya kuwafaa. Karatasi ya tatu ndiyo yenye mtego: T4 huru iko chini, lakini TSH ni 1.1, namba ambayo ukiitazama peke yake utasema ni nzuri. Hapa mgonjwa ni pituitari yenyewe, ambayo imeshindwa kupiga kelele inapopaswa, na uchunguzi unahitaji kuhamia huko.

Jambo moja husahaulika sana. Vidonge vya biotini, vinavyouzwa kwa ajili ya nywele na kucha, havibadilishi tezi lakini huvuruga baadhi ya mashine za maabara na kutoa majibu ya uongo, mara nyingi TSH ikionekana ya chini kuliko ilivyo na T4 ikionekana ya juu. Viache angalau siku mbili kabla ya kutoa damu, na umweleze daktari kwamba unavitumia. Kejeli iliyopo ni kwamba anayevitumia sana ni yule yule ambaye nywele zake zinakatika kwa sababu ya thairoidi.

Hatua ya nne: jua chanzo

Duniani kote, upungufu wa iodini katika chakula umekuwa chanzo kikubwa cha ugonjwa huu na cha rovu, na kuongeza iodini kwenye chumvi ndiyo njia iliyoupunguza katika nchi nyingi. Pale ambapo iodini inatosha, chanzo kinachoongoza ni ugonjwa wa Hashimoto, uliopewa jina la Hakaru Hashimoto, daktari wa Japani aliyeueleza mwaka 1912. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili huigeukia tezi na kuiharibu kidogo kidogo kwa miaka. Kipimo cha kingamwili za TPO, yaani zile zinazoishambulia tezi hiyo, huuthibitisha, na kikishathibitisha mara moja hakuna faida ya kukirudia kila mwaka, kwa kuwa namba yake haibadilishi tiba. Huwapata wanawake zaidi ya wanaume, hufuata ukoo, na huambatana na magonjwa mengine ya kinga kama kisukari cha aina ya kwanza.

Wengine hupungukiwa homoni kwa sababu tezi iliondolewa kwa upasuaji au ilitibiwa kwa iodini yenye mnunurisho. Zipo pia dawa zinazoilegeza tezi, hasa lithiamu, inayotumika katika maradhi ya akili, na amiodaroni ya moyo; anayezitumia asiziache kwa uamuzi wake, bali aombe thairoidi yake ipimwe mara kwa mara. Wanawake wengine huugua katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua, na wengi wao hupona bila tiba ya maisha, kwa hiyo daktari akisema dawa yao itaachwa kwa majaribio baadaye, hajakosea.

Hatua ya tano: meza dawa namna inavyotakiwa

Mwaka 1891 daktari wa Uingereza aitwaye George Murray alimdunga mwanamke wa miaka 46 maji yaliyotokana na tezi za kondoo. Mwanamke huyo, aliyekuwa amedhoofika kwa ugonjwa huu, aliendelea kupokea tiba ya aina hiyo na kuishi miaka mingine 28. Leo tiba ni levothairoksini, ambayo ni T4 iliyotengenezwa kiwandani na isiyotofautiana na ile inayotoka kwenye tezi. Mtu mzima mwenye upungufu kamili huhitaji takriban mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, hivyo mwenye kilo 60 hukaribia mikrogramu 100. Wazee na wenye ugonjwa wa moyo huanzishiwa kidogo sana, 25 au hata 12.5, kisha dozi hupandishwa taratibu, kwa sababu moyo uliozoea mwendo wa pole ukikurupushwa ghafla huweza kupata maumivu au kupiga bila mpangilio. Mgonjwa ambaye tezi zake za adrenali, zilizo juu ya figo, nazo zimeshindwa kazi hupewa kwanza homoni za adrenali. Kuanza na thairoksini kunaweza kumtia hatarini.

Utaratibu wenyewe ni huu. Weka dawa na bilauri ya maji karibu na kitanda. Unapoamka, kabla ya kula au kunywa chochote, meza kidonge kwa maji matupu, kisha subiri dakika 30 hadi 60 ndipo upate kifungua kinywa. Kahawa haimo katika maji matupu. Hupunguza kiasi cha dawa kinachoingia katika damu hata isipowekwa maziwa. Vidonge vya madini chuma, vya kalisi na baadhi ya dawa za kiungulia hushikamana na thairoksini tumboni na kutoka nayo, kwa hiyo viache mbali kwa saa 4. Vyakula vya soya na vyenye nyuzinyuzi nyingi havikatazwi, lakini usivibadilishe badilishe: ukivila, vila kwa kiasi kilekile, ili dozi ipangwe kulingana navyo. Ambaye asubuhi yake haina utulivu anaweza kumeza dawa usiku, saa 3 au 4 baada ya mlo wa mwisho. Muhimu ni kuchagua wakati mmoja na kuushika.

Ukisahau asubuhi, meza utakapokumbuka siku hiyohiyo. Thairoksini hukaa mwilini muda mrefu, nusu yake ikiwa bado ipo baada ya siku 7 hivi, kwa hiyo siku moja iliyorukwa haileti madhara ya kuonekana. Lakini sifa hiyohiyo huwadanganya watu: wapo wanaoacha dawa, wakajihisi wazima kwa wiki mbili, wakaamini wamepona. Walichokuwa wakiishi nacho ni akiba.

Hatua ya sita: subiri wiki sita

Baada ya kuanza dawa au kubadilisha dozi, TSH hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8, kwa kuwa kabla ya hapo homoni hazijatulia katika damu na pituitari haijamaliza kujirekebisha. Kupima baada ya siku 10 na kuongeza dozi kwa sababu TSH bado iko juu ni njia ya uhakika ya kumpitiliza mgonjwa. Nafuu nayo huja kwa zamu: nguvu hurejea ndani ya wiki chache, choo na baridi hufuata, ilhali ngozi na nywele huchukua miezi. TSH ikishatulia, kipimo kimoja kwa mwaka hutosha kwa walio wengi.

Kiwango cha juu kuliko kinachohitajika si nguvu ya ziada. Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, kutoka jasho, kukosa usingizi na kupungua uzito ni dalili za dozi kupita kiasi. Hali hiyo ikidumu, hasa kwa wazee, mapigo ya moyo huweza kupoteza mpangilio na mifupa kuwa myepesi na kuvunjika kwa urahisi. Kwa sababu hiyo, kumeza thairoksini ili kupunguza unene wakati tezi ni nzima ni hatari tupu.

Kwa upande mwingine, upungufu usiotibiwa nao una gharama ndani ya mwili. Kolesteroli mbaya hupanda kwa sababu ini huiondoa kwa uvivu, mishipa huwa migumu, shinikizo la chini la damu hupanda, na maji huweza kujaa kuzunguka moyo. Anayegunduliwa kuwa na kolesteroli nyingi anafaa kupimwa TSH kabla ya kupewa dawa za kuishusha, kwa kuwa mara nyingine thairoksini peke yake hutosha kuirudisha. Upungufu wa damu, matatizo ya kupumua usingizini na ugumba navyo huweza kuwa na mzizi huohuo.

Hatua ya saba: mimba na mtoto mchanga

Katika miezi mitatu ya kwanza mtoto aliye tumboni hutegemea karibu kabisa thairoksini ya mama kwa ajili ya ubongo wake, maana tezi yake mwenyewe bado haijaanza kazi ipasavyo. Mama mwenye upungufu usiotibiwa huwa katika hatari kubwa zaidi ya mimba kuharibika, kujifungua kabla ya wakati na kupata shinikizo la damu la ujauzito. Mahitaji ya dawa huongezeka mapema, kwa wastani kati ya robo na theluthi ya dozi, ndiyo maana madaktari wengi humwelekeza mgonjwa mapema kwamba akiona tu kipimo cha mimba ni chanya, ameze vidonge 9 kwa wiki badala ya 7 huku akienda kupimwa. Mwelekezo huo uombwe kabla ya kutafuta mimba, na TSH ipimwe takriban kila wiki 4 katika nusu ya kwanza ya ujauzito. Mahitaji ya iodini nayo hupanda kutoka mikrogramu 150 kwa siku hadi 250, ila vidonge vyenye iodini nyingi kupita hapo huweza kuidhuru tezi ileile wanayotaka kuisaidia.

Watoto wachache huzaliwa bila tezi au na tezi isiyofanya kazi, na wengi wao huonekana wazima kabisa siku za kwanza. Tone la damu kutoka kisiginoni, likichukuliwa siku chache baada ya kuzaliwa, huwagundua. Tiba ikianza ndani ya wiki mbili za kwanza, akili zao hukua kama za watoto wengine, na ikichelewa kwa miezi, kilichopotea hakirudi. Mzazi ambaye mwanawe hakupimwa, na anamwona mzito wa kunyonya, mwenye manjano yasiyokwisha, ulimi mnene na kitovu kilichotokeza, asingoje kliniki ya mwezi ujao.

Lini usisubiri

Mgonjwa wa muda mrefu, hasa mzee aliyeacha dawa, anaweza kuporomoka ghafla akipatwa na maambukizi, baridi kali, jeraha au dawa za usingizi. Huwa mzito wa kuzungumza, huchanganyikiwa, mwili hupoa kuliko kawaida, pumzi na mapigo ya moyo hupungua, kisha hushindwa kuamka. Hiyo ni dharura ya hospitali yenye chumba cha wagonjwa mahututi, na wengi hufa hata wakitibiwa. Wakati wa kumpeleka, mfunike kwa blanketi za kawaida bila kumwekea chupa za maji ya moto, kwa kuwa joto la ghafla hutanua mishipa na kushusha shinikizo la damu. Usimlishe wala kumnywesha kitu, usimpe rundo la vidonge alivyoviruka, na uchukue pakiti ya dawa yake, iliyo tupu au yenye vidonge, umkabidhi daktari wa zamu.